Vmax na Km kutoka data moja: mstari nyoofu, mkunjo, au kufuatilia mmenyuko hadi mwisho?

Niliwahi kuwapa wanafunzi wa maabara data moja ya kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko), nukta kumi na mbili tu, nikawaambia kila mmoja atafute Vmax na Km, yaani kasi ya juu ya kimeng'enya na ukolezi unaoleta nusu ya kasi hiyo, kwa njia anayoijua. Zikarudi Km za kuanzia 0.044 hadi 0.068. Nikakagua karatasi zao nikimtafuta aliyekosea kugawanya, sikumpata. Hesabu zote zilikuwa safi. Tofauti ilikuwa njia, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunieleza kwa nini alichagua ya kwake. "Ndivyo tulivyofundishwa, mwalimu." Haya.

Hapa naziweka njia hizo ubavu kwa ubavu juu ya data ileile, ili anayekaribia kuandika tasnifu ajue anachagua nini na anaacha nini. Msimamo wangu nautoa mapema: kama una kompyuta, fiti mkunjo wenyewe (yaani upitishe karibu na nukta kadiri inavyowezekana), na grafu za mstari nyoofu zibaki kazi ya macho. Lakini kuna swali linalotangulia hilo, nalo ni hitilafu ya vipimo vyako imekaa wapi. Asiyelijibu hilo atabadilisha njia mara nne na bado hatajua ipi ya kuamini.

Data yenyewe

Inatoka kwenye tasnifu ya uzamili ya mwaka 1974 ya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kuhusu kimeng'enya galaktosiltransferasi cha utando wa Golgi na jinsi dawa ya puromaisini inavyokiathiri. Kasi ilipatikana kwa kuhesabu mapigo ya mionzi ya zao la mmenyuko. Data hiyo imehifadhiwa ndani ya programu ya takwimu ya R kwa jina Puromycin, kwa hiyo huna haja ya kuniamini. Ifungue uhesabu mwenyewe. Nachukua upande uliotiwa puromaisini tu. Kila ukolezi wa sabstreti (kile ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi), kwa sehemu kwa milioni, ulipimwa mara mbili:

| Ukolezi (S) | Kasi, kipimo cha kwanza | Kasi, kipimo cha pili |
|---|---|---|
| 0.02 | 76 | 47 |
| 0.06 | 97 | 107 |
| 0.11 | 123 | 139 |
| 0.22 | 159 | 152 |
| 0.56 | 191 | 201 |
| 1.10 | 207 | 200 |

Mlinganyo ni ule wa Leonor Michaelis na Maud Menten, uliotoka Berlin mwaka 1913 walipokuwa wakichunguza invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa:

v = Vmax × S / (Km + S)

Hapa v ni kasi ya mmenyuko na S ni ukolezi wa sabstreti. Vmax ni kasi ambayo mmenyuko unaisogelea sabstreti ikiwa tele. Km ni ukolezi unaokupa nusu ya kasi hiyo. Ukiitazama data kwa jicho tu, kasi inaelekea kwenye 210 hivi, nusu yake ni 105, na 105 inaangukia karibu na ukolezi wa 0.06. Yaweke kichwani makisio hayo, yatatufaa.

Kabla ya kuendelea itazame pia ile safu ya juu: 76 na 47 kwa ukolezi uleule. Hiyo ndiyo itakayoleta ugomvi wote.

Njia nne, majibu manne

Nimezihesabu zote. R² inaonyesha nukta zimekaa karibu kiasi gani na mstari, 1 ikiwa zimelala juu yake kabisa. Safu ya mwisho ni jumla ya miraba ya mabaki, yaani unachukua Vmax na Km za njia husika, unarudi kwenye kasi zenyewe zilivyopimwa, unatoa kasi inayotabiriwa kutoka kila kipimo, unazidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha unajumlisha. Ikiwa ndogo, mkunjo umepita karibu zaidi na vipimo.

| Njia | Vmax | Km | R² ya mstari | Jumla ya miraba ya mabaki |
|---|---|---|---|---|
| Lineweaver-Burk (1/v dhidi ya 1/S) | 195.8 | 0.0484 | 0.86 | karibu 1,920 |
| Eadie-Hofstee (v dhidi ya v/S) | 193.9 | 0.0435 | 0.77 | karibu 2,220 |
| Hanes-Woolf (S/v dhidi ya S) | 216.2 | 0.0679 | 0.998 | karibu 1,225 |
| Kufiti mkunjo moja kwa moja | 212.7 | 0.0641 | – | 1,195 |

Michoro mitatu ya kwanza ni mlinganyo uleule uliogeuzwa-geuzwa mpaka ukawa mstari. Kwa aljebra hakuna tofauti hata ya nukta. Kama vipimo vingekuwa havina hitilafu kabisa, njia zote nne zingetoa jibu moja na makala hii isingekuwa na kazi. Tatizo ni kwamba ukigeuza kasi unaigeuza na hitilafu yake, nayo haigeuki kwa usawa.

Chukua mfano wa mkononi. Tuseme kipimo chako kinaweza kukosea kwa 10 popote. Kasi ya kweli ikiwa 200 nawe ukasoma 190, 1/v inahama kutoka 0.00500 hadi 0.00526. Haionekani hata kwenye karatasi ya grafu. Lakini kasi ya kweli ikiwa 50 nawe ukasoma 40, 1/v inaruka kutoka 0.020 hadi 0.025. Kosa ni lilelile la 10, ila huku limekuzwa karibu mara 19 kuliko kule. Isitoshe, nukta hiyo ya kasi ndogo ndiyo inayokaa mbali kabisa kulia kwenye mhimili wa 1/S, peke yake, ikiushika mstari kama mtu aliyeshika ncha ya ngazi: akisogea kidogo, ngazi nzima inageuka.

Lineweaver-Burk: inapendwa, na inadanganya kwa adabu

Hii ndiyo iliyomo katika takribani kila kitabu cha biokemia, na ndiyo ambayo wanafunzi wengi huichora wakiwa wamefumba macho. Hans Lineweaver na Dean Burk waliichapisha mwaka 1934. Jambo ambalo vitabu vingi huliruka ni kwamba wenyewe walijua udhaifu wake. Mwaka huohuo wa 1934 walishirikiana na mtakwimu W. Edwards Deming, yule aliyekuja kupata umaarufu Japani kwa mambo ya ubora wa viwandani, katika kazi iliyozipa nukta uzito tofauti ili zile za kasi ndogo zisiuburute mstari. Wengi tuliokuja baadaye tukachukua mchoro, tukauacha uzito.

Ili kuona inavyoyumba, nimefanya jaribio dogo. Nimeitoa nukta moja tu, ile ya 47, nikabaki na kumi na moja. Lineweaver-Burk ikanipa Vmax 180.7 na Km 0.0314. Nikairudisha ile 47, nikatoa ile 76. Safari hii Vmax ikawa 216.3 na Km 0.0714. Nukta moja kati ya kumi na mbili, na Km imekuwa zaidi ya mara mbili! Nikafanya mchezo huohuo kwa kufiti mkunjo: bila ile 47 Km ni takriban 0.063, bila ile 76 ni takriban 0.072. Nayo imesogea, sikatai, lakini imesogea kama mtu mzima.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Lineweaver-Burk itupwe, nasema isitupwe. Inafaa sana kuonyesha aina ya kizuizi, yaani kitu kinachopunguza kazi ya kimeng'enya. Mistari ya kizuizi shindani (kinachogombea nafasi na sabstreti) ikikutana kwenye mhimili wima, na ile ya kizuizi kisicho shindani halisi ikikutana kwenye mhimili wa ulalo wenyewe, upande wa kushoto, msomaji anaona mara moja. Ichore, ibandike kwenye tasnifu. Ila mistari unayochora ipitishe kwa kutumia Vmax na Km ulizozipata kwa kufiti mkunjo, usizichukue namba kutoka kwenye mstari huo.

Eadie-Hofstee: inafichua, lakini si ya kupimia

Hapa v imekaa pande zote mbili: wima ni v, ulalo ni v/S. Maana yake hitilafu ya v inaisukuma nukta juu na chini, na papo hapo inaisukuma kulia na kushoto. Rigresheni ya kawaida, yaani hesabu ya kupitisha mstari kwenye nukta, imejengwa juu ya dhana kwamba mhimili wa ulalo hauna hitilafu. Dhana hiyo ikivunjwa, mteremko hulala, na kwa kuwa Km ndiyo mteremko wenyewe, Km inatoka ndogo kuliko inavyopaswa. Rudi kwenye jedwali uone nani ana Km ndogo kuliko wote.

Sifa yake ni kwamba haifichi kitu. Nukta zinatawanyika mbele ya macho yako, na kama kimeng'enya chako hakifuati Michaelis-Menten, kwa mfano kina maeneo mawili ya kushikia sabstreti yanayoathiriana, utaona nukta zinajipinda badala ya kunyooka. Ndiyo maana R² yake ni mbaya kuliko zote. Mimi huichora kwanza, kabla ya chochote, kama mtu anayepiga hodi.

Hanes-Woolf: bora kati ya za mstari, ila R² yake ni pambo

Kama umeme umekatika, kompyuta haina chaji, na una rula na kikokotoo tu, tumia hii. Unagawa S kwa v, unachora dhidi ya S. Mteremko ni 1/Vmax, na mahali mstari unapokata mhimili wima ni Km/Vmax. Kwa hitilafu isiyobadilika, kugawa S kwa v hakuzikuzi nukta za chini kama 1/v inavyofanya, kwa sababu S yenyewe ni ndogo huko chini. Matokeo yake kwa data hii, 216.2 na 0.0679, yako jirani kabisa na ya mkunjo.

Lakini ile 0.998! Mwanafunzi akiiona anashangilia, na msimamizi naye pengine anashangilia. Ukweli ni kwamba S iko pande zote mbili. S ikipanda kutoka 0.02 hadi 1.10, S/v lazima ipande nayo, hata vipimo viwe vimeyumba kiasi gani. Data ni ileile, 76 na 47 bado zimo, na R² zinatoka 0.77, 0.86 na 0.998. Anayechagua njia kwa kuangalia R² kubwa anachagua mpangilio wa mihimili. Ukitaka kulinganisha njia na njia, rudi kwenye kasi zenyewe kama nilivyofanya kwenye safu ya mwisho ya jedwali.

Kufiti mkunjo moja kwa moja

Hapa hugeuzi kitu. Unaiambia kompyuta: tafuta Vmax na Km zinazoipunguza jumla ya miraba ya mabaki hadi mwisho wake. Inaanza na makisio unayoipa, inapiga hatua, inaangalia kama jumla imepungua, inapiga nyingine. Mbinu inayotumika sana kupiga hatua hizo ni ya Levenberg ya mwaka 1944, iliyoboreshwa na Marquardt mwaka 1963. Zamani kazi hii ilikuwa ya siku nzima kwa mkono, ndiyo maana mistari nyoofu ilitawala. Leo ni ya sekunde, na sababu ya zamani imekwisha.

Faida ya kwanza tumeiona: haiyumbishwi na nukta moja ya chini. Ya pili ni kwamba inakupa hitilafu ya makadirio kwa namna inayoeleweka. Kwa data hii Vmax ni 212.7 na kosa sanifu (kipimo cha jinsi kadirio linavyoweza kuyumba) la 6.9, Km ni 0.0641 na kosa sanifu la 0.0083. Ukitafuta masafa ya uhakika ya asilimia 95 kwa kuufuata umbo halisi wa jumla ya miraba, Km inakaa kati ya 0.047 na 0.086. Ona kwamba upande wa juu ni mrefu kuliko wa chini. Kwa Km ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na ule mtindo wa "jumlisha au toa" unaificha tabia hiyo.

Jambo jingine ambalo mistari haikuambii: Vmax na Km zimefungwa pamoja. Korelesheni ya makosa yake hapa ni 0.77, ambapo 1 ni kwenda pamoja kabisa. Ukikosea Vmax juu, Km nayo inakwenda juu kuifuata. Ndiyo maana si haki kuripoti moja bila nyingine, na ndiyo maana uwiano wa Vmax/Km, ambao wengi huutumia kulinganisha ubora wa vimeng'enya, unaweza kutofautiana sana kati ya njia na njia: mkunjo unatoa karibu 3,320, Eadie-Hofstee karibu 4,460. Tofauti ya theluthi nzima, na hakuna kimeng'enya kilichobadilika.

Ina kasoro zake. Inahitaji makisio ya kuanzia, na ukianza na namba za ajabu inaweza kupotea njia. Hapa ndipo yale makisio ya jicho, 210 na 0.06, yanapofaa, au zikokotoe kwa Hanes-Woolf kwanza, kisha uzipeleke kwenye mkunjo. Pia nayo ina dhana yake: kwamba hitilafu ni ya ukubwa uleule kwenye kasi ndogo na kwenye kasi kubwa. Dhana hiyo haishuki kutoka mbinguni.

Hitilafu yako ni ya aina gani?

Hili ndilo swali nililolitaja mwanzo. Kama spektrofotomita yako (mashine inayopima mwanga unaofyonzwa) inayumba kwa kiasi kilekile hata usome nini, hitilafu haibadiliki, na kufiti mkunjo bila uzito ni sawa. Kama tatizo ni pipeti, yaani unakosea asilimia fulani ya kimeng'enya kila unapoweka, basi hitilafu inakua pamoja na kasi: asilimia 5 ya 200 ni 10, asilimia 5 ya 50 ni 2.5. Hapo mkunjo usio na uzito unaziamini mno nukta za juu na kuzidharau za chini. Dawa ni kuipa kila nukta uzito wa moja juu ya mraba wa kasi, au kufiti logi ya v dhidi ya logi ya mlinganyo.

Utajuaje? Rudia vipimo. Ukiwa na marudio matatu au manne kwenye ukolezi wa chini na mengine kama hayo kwenye wa juu, tofauti zake zitakuambia. Data ya Toronto ina marudio mawili mawili: chini tofauti ni 29, juu kabisa ni 7, katikati ni 10, 16, 7, 10. Hakuna dalili kwamba hitilafu inakua na kasi. Ile 29 inaonekana kama bahati mbaya ya siku moja. Kwa hiyo hapa uzito sawa unakubalika. Data yako inaweza kusema vingine.

Na kama unashuku kuna nukta moja ya hovyo lakini huna sababu ya kuitupa, ipo njia ya tano. Robert Eisenthal na Athel Cornish-Bowden waliipendekeza mwaka 1974. Kila kipimo kinachorwa kama mstari kwenye uwanja wa Vmax na Km, kila mistari miwili inakutana mahali fulani, na unachukua namba ya katikati ya makutano yote. Namba ya katikati haijali nukta moja iliyoenda porini. Haiombi hata dhana ya aina ya hitilafu. Ninaipenda kwa darasani. Kwa tasnifu huwa naiweka kando ya mkunjo kama shahidi. Zikikubaliana, nalala usingizi.

Mchagua nazi hupata koroma, wanasema. Yuko mwanafunzi atakayejaribu njia zote tano kisha aripoti ile inayokaribiana na Km ya makala aliyoisoma. Usiwe yeye. Amua njia kabla ya kuingia maabara, iandike kwenye daftari, na uifuate.

Testi tyubu nyingi au mmenyuko mmoja hadi mwisho?

Yote niliyosema ni ya kasi za mwanzo: kila testi tyubu inatoa kasi moja, kwa hiyo nukta 12 ni testi tyubu 12. Njia nyingine ni kuweka sabstreti mara moja, kuanzisha mmenyuko, na kuisoma mashine kila sekunde kadhaa mpaka sabstreti iishe. Mlinganyo unaofitiwa hapo ni ule uliounganishwa kwa kalkulasi:

Vmax × t = (S₀ − S) + Km × ln(S₀ / S)

S₀ ni ukolezi wa kuanzia, S ni uliobaki baada ya muda t. Kwa maabara yenye vitendanishi vichache, hii inavutia mno. Testi tyubu moja inaweza kukupa masomo mia, na sabstreti inapita yenyewe kwenye ukolezi wote kutoka juu hadi chini. Lakini masomo mia ya testi tyubu moja si majaribio mia. Ukikosea kupima kimeng'enya mara moja, yote yamekosea pamoja. Na kuna mitego miwili. Zao likiwa linakizuia kimeng'enya, mmenyuko utapungua mwendo mwishoni kwa sababu isiyo ya Km, nawe utaihesabu kuwa Km. Kimeng'enya kikiwa kinakufa taratibu kwenye joto, vilevile.

Mtego wa pili una kipimo chake rahisi, kilichoelezwa na Selwyn mwaka 1965. Endesha mmenyuko kwa viwango viwili au vitatu vya kimeng'enya na sabstreti ileile, kisha chora zao dhidi ya ukolezi wa kimeng'enya mara muda. Mikunjo ikilaliana, kimeng'enya kiko hai muda wote. Ikiachana, rudi kwenye kasi za mwanzo na usijisumbue. Mimi kwa kimeng'enya nisichokijua huanza na kasi za mwanzo. Kwa kile ninachokijua, na sabstreti ikiwa ghali, nafuatilia hadi mwisho, ila kwa testi tyubu tatu zenye S₀ tofauti, si moja.

Uifanyie wapi

Excel ina Solver. Weka Vmax na Km kwenye seli mbili, safu ya kasi zinazotabiriwa, safu ya mabaki yaliyozidishwa kwa yenyewe, jumla chini yake, na uiambie Solver ipunguze jumla hiyo kwa kubadilisha seli mbili. Dakika tano. LibreOffice Calc nayo ina chombo kama hicho na haina malipo. Upungufu wa njia hii ni mmoja lakini mzito: inakupa Vmax na Km bila makosa sanifu. Km isiyo na kosa sanifu mtahini makini atakurudishia.

R ni bure na kwa kazi hii ni mstari mmoja:

nls(rate ~ SSmicmen(conc, Vm, K), data = Puromycin, subset = state == "treated")

Ile SSmicmen inajitafutia makisio ya kuanzia, kwa hiyo hata hilo unaondokewa nalo. Ukiongeza summary unapata makosa sanifu, ukiongeza confint unapata masafa yale yasiyo na ulinganifu. Kwa mtu atakayeandika tasnifu moja tu ya vimeng'enya maishani mwake, ningemwambia ajifunze huo mstari mmoja na aishie hapo.

Python, kupitia curve_fit ya SciPy, inafaa kama tayari unaitumia kwa mengine. Angalizo: makisio ya kuanzia utayatoa wewe, la sivyo inaanza na 1 kwa kila kigezo, na makosa sanifu utayatoa kwa kipeuo cha pili cha namba za mshazari wa jedwali la pili inalorudisha. Programu za kulipia zenye vitufe zinafanya hayohayo kwa sura nzuri zaidi. Na kama una mimenyuko mitano inayolishana, hakuna mlinganyo mmoja wa kufiti, hapo nenda COPASI, ambayo ni bure na imetengenezwa kwa mifumo ya namna hiyo. Kwa Vmax na Km tu ni kumchinjia mgeni mmoja ng'ombe.

Kabla hujalaumu njia

Nimesema sana kuhusu hesabu, na nusu ya matatizo ninayoyaona hayako kwenye hesabu. Yako kwenye ukolezi uliochaguliwa. Mtu anapima 0.5, 0.75, 1.0, 1.25, akijivunia nafasi zilizo sawa, kumbe Km yake ni 0.06, nukta zote ziko kwenye uwanda wa juu, Vmax anaipata vizuri, Km haipo popote kwenye data. Hakuna programu itakayoitoa pasipokuwepo. Mwingine anafanya kinyume, anapima chini ya Km tupu kwa kubania sabstreti, anapata kitu kinachofanana na mstari, na Vmax yake inatoka 900 yenye kosa sanifu la 700.

Kwa Michaelis-Menten yenye hitilafu isiyobadilika, mahali panapofundisha zaidi panajulikana. Nusu ya vipimo iwe kwenye ukolezi wa juu kabisa unaoumudu. Nusu nyingine iwe kwenye ukolezi unaopatikana kwa kuzidisha Km kwa ukolezi huo wa juu, kisha kugawa kwa jumla ya ukolezi wa juu na Km mbili. Kwa Km ya 0.0641 na ukolezi wa juu wa 1.10, jibu ni 0.057. Sishauri upime sehemu mbili tu, maana hutajua kama mlinganyo wenyewe unafaa; lakini kama ningekuwa na testi tyubu nne za ziada kwa data hii ya puromaisini, nisingezipeleka 0.02 kwenda kuamua ugomvi wa 76 na 47. Mbili ningeziweka 0.06, mbili 1.10.